Wepesi Dhidi ya Matope: Historia ya Gari la Michezo la Msukumo wa Nyuma, Ikitazamwa kutoka Sangailu

Gari jepesi la michezo, lenye milango miwili, bei ya kadiri na injini inayosukuma magurudumu ya nyuma, limependwa Afrika Mashariki kwa zaidi ya nusu karne na watu ambao wengi wao hawakupata kuliendesha. Kila linapotoka toleo jipya la aina hiyo, kama ilivyotokea mwaka 2012 Toyota ilipoanza kuuza gari iliyoliita 86, shauku huzuka upya Nairobi, Mombasa na Kampala, na mara nyingi husemwa kuwa ni mkumbo tu wa vijana walioathiriwa na sinema na michezo ya kompyuta. Maelezo hayo hayatoshi. Shauku hiyo ina mizizi katika barabara za udongo za eneo hili lenyewe, ambako kati ya mwaka 1971 na 1986 magari ya namna hiyo yaliyashinda magari yenye nguvu zaidi, yaliyashinda ya bei ghali zaidi, na mwishoni yakayashinda hata yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Ili kuelewa ushindi huo ulitokana na nini na mipaka yake ilikuwa wapi, inafaa magari hayo yatazamwe si kutoka Nairobi tu, ambako historia ya mbio za magari huandikwa, bali pia kutoka mahali ambapo barabara yenyewe bado ni suala la mjadala, na Sangailu ni mahali pa namna hiyo.

Sangailu ni wadi ya jimbo la Ijara katika Kaunti ya Garissa, kwenye nyanda tambarare zilizo kati ya mto Tana na mpaka wa Somalia, jirani na Hulugho na si mbali na msitu wa Boni, na wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kisomali. Ardhi ya Ijara ina sehemu za mchanga na sehemu za udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka ulimbo mvua inyeshapo, yaani wakati wa gu, mvua ndefu zinazoanza mnamo Aprili, na wakati wa deyr, mvua fupi za kuanzia Oktoba. Magari yanayojulikana huko ni Land Cruiser, pikipiki za bodaboda na malori ya mizigo, na mtu anayetafuta gari la michezo la milango miwili atatafuta siku nyingi. Hata hivyo, kanuni ya kimakanika iliyolipatia gari hilo sifa zake inajulikana vizuri sana Sangailu, kwa sababu lori la mizigo hujengwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Katika gari la msukumo wa nyuma, injini hukaa mbele na giaboksi hufuata nyuma yake, kisha nguvu husafirishwa na mhimili mrefu unaozunguka chini ya sakafu, ambao mafundi huuita propela, hadi kwenye difu, yaani kasha la meno ya chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma na linaloigawa nguvu hiyo kulia na kushoto. Mpangilio huo huyaachia magurudumu ya mbele kazi moja tu ya kukata kona, na huyapa ya nyuma kazi ya kusukuma, ndiyo maana dereva hodari anaweza kulielekeza gari kwa mguu wa mafuta kama anavyolielekeza kwa usukani: akiongeza mafuta katikati ya kona, mkia huteleza kwenda nje na pua huelekea ndani. Faida hiyo ina gharama yake. Magurudumu yanayosukuma hushika ardhi kwa kadiri ya uzito ulioyakalia, na gari tupu lenye injini nzito mbele huwa na uzito mdogo nyuma, kwa hiyo kwenye utelezi huanza kuzungusha tairi bila kusonga.

Dereva wa lori anayetoka Garissa kwenda Ijara na shehena ya sukari, mchele na unga anaijua hesabu hiyo bila kuisoma popote. Lori lililosheheni hukanyaga kwa nguvu na kupita mahali ambapo lori tupu hupeperusha mkia, na likikwama, utingo hushuka na jembe na mbao, huchimba mbele ya tairi za nyuma wala si za mbele, husukumiza mbao chini yake, kisha watu huombwa wapande nyuma ili uzito uongezeke pale unapohitajika. Miaka ya sabini, wataalamu waliotoka Yokohama na Helsinki walitumia mbinu hiyo hiyo katika mashindano ya magari yaliyokuwa magumu kupita mengine yote duniani, kama itakavyoonekana.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakiwa sehemu ya sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za kawaida zisizofungwa, katikati ya mabasi, punda na ng'ombe. Hapakuwa na vipande vifupi vya kushindania kasi kama Ulaya: dereva alipewa muda wa kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine, na kila dakika aliyochelewa ilimletea adhabu. Jambo moja la miaka hiyo ya mwanzo husahaulika, nalo ni kwamba magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi kwingineko. Waandaaji walitaka kumwonyesha mnunuzi wa Afrika Mashariki ni gari gani la kiwango cha mfuko wake lingevumilia barabara zake, na kwa uamuzi huo bei ilikuwa sehemu ya ushindani tangu siku ya kwanza.

Wilaya ya Garissa ilikuwa na historia tofauti ya barabara. Chini ya sheria za kikoloni za mwaka 1902 na 1934 zilizohusu wilaya za pembezoni na wilaya maalumu, eneo lote la mpaka wa kaskazini lilifungwa, na kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Msafara mkubwa wa magari ulioonekana mashariki ya Tana katika zama hizo ulikuwa wa kijeshi, pale majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Alan Cunningham yalipovuka mwanzoni mwa mwaka 1941 kuwashambulia Waitalia nchini Somalia, yakaiteka Kismayu tarehe 14 Februari na Mogadishu tarehe 25 ya mwezi huo huo, kwa kasi iliyotegemea malori kuliko kitu kingine chochote. Baada ya uhuru vikafuata vita vya shifta kuanzia mwaka 1963 hadi 1967, ambamo mabomu yalitegwa barabarani, na sheria za hali ya hatari zikaendelea kutumika Kaskazini Mashariki hadi mwaka 1991. Wakati vijana wa Nakuru na Mombasa walipokuwa wakipanga foleni kando ya barabara siku za Pasaka kuyatazama magari ya mashindano yakipita, kijana wa Ijara alilijua gari kama Land Rover ya askari au lori la mfanyabiashara. Tofauti hiyo haina budi kukumbukwa kila inaposemwa kuwa Wakenya wote walilelewa na mbio za Safari.

Kampuni ya Nissan, iliyouza magari yake kwa jina la Datsun, iliingia katika Safari mwaka 1963 na kwa miaka kadhaa ikajifunza kwa hasara. Mwaka huo wa 1963 ni magari saba tu yaliyomaliza, na mwaka 1968 yakamaliza saba tena, mara zote mbili mshindi akiwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Japani iliyachukulia mashindano hayo kwa uzito kiasi kwamba mwaka 1969 ilitengenezwa filamu nzima juu yake, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara, ambayo jina lake lilitaja kilomita 5,000 za safari hiyo. Mwaka uliofuata Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya mwenye asili ya Kijerumani, akiwa na msomaji ramani wake Hans Schüller, aliipa Nissan ushindi wa kwanza wa jumla kwa Datsun 1600 SSS, gari la familia la milango minne lililokuwa na msukumo wa nyuma na springi zinazojitegemea kwenye kila gurudumu.

Wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kutoa gari jingine. Mnamo Oktoba 1969 ilizinduliwa nchini Japani Fairlady Z, ambayo nje ya nchi hiyo iliitwa Datsun 240Z: gari la milango miwili lenye pua ndefu na paa linaloteremka hadi nyuma, lililosanifiwa na kundi la Yoshihiko Matsuo na kupiganiwa na Yutaka Katayama, mkuu wa biashara ya Nissan Marekani. Injini yake ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja ilikuwa na sentimita za ujazo 2,393 na ilitoa takriban nguvufarasi 150, uzito wa gari zima ukiwa tani moja na ushei mdogo. Marekani liliuzwa kwa dola 3,526, wakati Porsche 911 ya bei nafuu kuliko zote ilikaribia kuwa maradufu. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka gari la michezo kwa bei hiyo alinunua gari la Kiingereza lisilo na paa imara, lililovuja mafuta na maji kwa zamu, na mnunuzi wa 240Z alipata mwendo wa gari la tajiri pamoja na injini iliyowaka kila asubuhi. Foleni za wanunuzi zilikuwa ndefu hata magari yaliyotumika yakauzwa ghali kuliko mapya.

Nissan ilipolipeleka gari hilo Safari mwaka 1971, wapo waliotilia shaka busara ya uamuzi huo, kwa kuwa gari la chini lenye pua ndefu halionekani kuwa chombo cha matope. Matokeo yalikuwa Herrmann na Schüller nafasi ya kwanza, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta pamoja na Mike Doughty, pia katika 240Z. Gari la mshindi, jekundu lenye boneti nyeusi, limehifadhiwa hadi leo katika mkusanyiko wa Nissan ulioko Zama, Japani, na anayelitazama kwa makini ataona mambo ambayo picha za matangazo hazikuyatilia mkazo. Limeinuliwa, taa za ziada zimefungwa mbele, na tumbo lake limekingwa kwa bamba la chuma.

Magari mengi ya Safari ya zama hizo yalikuwa pia na vishikio vilivyofungwa nyuma na mahali pa kukanyaga kwenye bampa. Gari lilipoanza kuzungusha tairi katika matope, msomaji ramani alifungua mlango, akaenda nyuma, akapanda bampa, akashika vishikio na kurukaruka kwa uzito wake wote juu ya magurudumu yanayosukuma, dereva akikanyaga mafuta kwa utulivu, na gari likishaanza kusonga alikimbia kando yake na kuruka ndani, au alibaki ameng'ang'ania nyuma hadi ardhi ngumu. Ni kazi ya utingo wa lori, ila utingo huyu alivaa kofia ngumu na alikuwa na saa mbili kifuani. Hapa ndipo wepesi ulipokuwa na maana yake halisi katika Afrika Mashariki. Watengenezaji wa Ulaya walipunguza uzito ili gari likimbie zaidi, lakini kwenye Safari uzito mdogo ulimaanisha kwanza kwamba wanaume wawili, wakisaidiwa na wanakijiji, waliweza kulisukuma gari likatoka shimoni, na kwamba springi na shokabzoba ziliumia kidogo kwa kila jiwe, jambo ambalo katika kilomita 5,000 za mawe ni hesabu kubwa.

Mwaka 1972 Ford ilishinda kwa Escort RS1600 ikiendeshwa na Hannu Mikkola na Gunnar Palm, na kwa mara ya kwanza madereva wasioishi Afrika Mashariki wakaichukua Safari. Escort nayo ilikuwa ndogo, nyepesi, ya milango miwili na yenye msukumo wa nyuma, kwa hiyo hoja ya wepesi haikudhoofika. Mwaka huo huo Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda, na Mehta, aliyezaliwa huko mwaka 1945 katika ukoo maarufu kwa viwanda vya sukari, akahamia Kenya. Pasaka ya mwaka 1973, Safari ikiwa sasa imo katika mashindano mapya ya dunia, alirudi na 240Z akiwa na Lofty Drews, na baada ya maelfu ya kilomita akajikuta na adhabu sawasawa na za Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun nyingine ya milango minne. Kanuni ilisema kwamba panapotokea sare, anashinda aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na kwa kipimo hicho Mehta akatangazwa bingwa. Alishinda Safari mara tano kwa jumla, nne za mwisho zikiwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 akiwa na Doughty katika Datsun 160J na Violet GT, na hadi kifo chake London mwaka 2006 hakuna aliyempita.

Ushahidi wa wazi zaidi kuhusu bei unatokana na Porsche. Kampuni hiyo ya Kijerumani ilikuwa na gari jepesi la michezo, lenye injini nyuma kabisa na hivyo lenye mshiko mzuri wa matope, na lililosifiwa na kila mtaalamu, lakini likamaliza la pili mwaka 1972, la pili mwaka 1974 na la pili tena mwaka 1978, bila kupata taji hata moja katika miaka hiyo. Björn Waldegård, aliyeikosa nafasi ya kwanza na Porsche mwaka 1974, alimaliza nyuma ya Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa katika Mitsubishi Lancer yenye injini ya sentimita za ujazo 1,600 tu, gari dogo la familia. Ni vigumu kudai kwamba gari la bei nafuu lilikuwa bora kwa kila hali; lakini timu iliyokuja na magari ya kadiri mara nyingi ilikuja pia na vipuri vingi, mafundi waliolijua gari hilo kwa sababu walilitengeneza kila siku gereji, na madereva wa hapa hapa waliozijua barabara. Gari la fahari hukosa mambo hayo matatu kwa pamoja.

Athari ya ushindi huo kwa wananchi haikuwa kuongezeka kwa magari ya michezo barabarani. Mwalimu, karani au mfanyabiashara aliyeshabikia 240Z alinunua Datsun 1200 au 120Y, au pikapu ya kampuni hiyo hiyo, kwa imani kwamba mafundi waliojenga gari la mshindi ndio waliojenga lake, na imani hiyo haikuwa ya kijinga, kwa maana magari hayo yalishiriki mpangilio wa msukumo wa nyuma na mitindo mingi ya ujenzi. Pikapu hasa ndiyo iliyopenya hadi sehemu za mbali, kwa kuwa mzigo uliowekwa nyuma uliyapa magurudumu mshiko yaliouhitaji. Kwa njia hii ya mzunguko, shauku ya gari la anasa ilieneza gari la kazi, na huenda huo ndio mchango mkubwa zaidi wa 240Z katika uchumi wa nchi hizi, ingawa hauonekani katika orodha za washindi.

Kuanzia mwaka 1974 mashindano yalifanyika Kenya peke yake na kuitwa Safari Rally tu, miaka mitatu kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe kuvunjika. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa alishinda kwa Peugeot 504 ya milango miwili yenye injini ya silinda sita, ambayo ingawa haikuwa nyepesi wala rahisi ilithibitisha kwamba umbo la milango miwili halikuwa udhaifu. Jaribio kubwa zaidi lilikuja baada ya mwaka 1981, Audi ilipoingiza Quattro katika mashindano ya dunia. Gari hilo lilipeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne, na katika theluji na changarawe za Ulaya liliyaacha mbali magari ya msukumo wa nyuma kiasi kwamba kila mtengenezaji akaanza kuunda gari la namna hiyo. Ingedhaniwa kwamba Safari, pamoja na matope yake, ndiyo ingekuwa ya kwanza kulitukuza. Haikuwa hivyo. Mwaka 1983 Audi zilimaliza ya pili na ya tatu, nyuma ya Opel Ascona ya Ari Vatanen iliyokuwa na msukumo wa nyuma.

Kisha ikaja Toyota Celica. Ilikuwa gari la milango miwili lenye msukumo wa nyuma, lililotayarishwa Cologne na timu ya Ove Andersson, mshindi wa Safari ya mwaka 1975, na injini yake yenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuishindilia hewa zaidi, ilitoa zaidi ya nguvufarasi 300. Katika mashindano ya Ulaya ilikuwa gari la kupitwa. Kenya, Waldegård alishinda nayo mwaka 1984. Mwaka 1985 Juha Kankkunen, kijana wa Kifini, akashinda na kumwacha Waldegård wa pili katika gari kama lake. Mwaka 1986 Waldegård akashinda tena. Magari ya magurudumu manne ya miaka hiyo yalikuwa na difu tatu pale ambapo Celica ilikuwa na moja, na kila difu, kila mhimili na kila kiungo cha mpira kilikuwa kitu kingine cha kuvunjika, cha kupata joto na cha kubebewa spea. Timu zilizotegemea magari hayo Ulaya zilihudumia magari yao kila baada ya muda mfupi, ilhali Kenya gari la huduma lingeweza kuwa mbali sana, upande wa pili wa mto uliofurika. Gari la kwanza la magurudumu manne kushinda Safari lilikuwa Audi 200 Quattro ya Mikkola mwaka 1987, miaka sita tangu teknolojia hiyo iingie katika mashindano ya dunia, na hilo halikuwa gari jepesi la michezo bali gari kubwa la familia. Tangu mwaka huo msukumo wa nyuma haujashinda tena mashindano ya dunia nchini Kenya.

Mwanga wa mwisho wa wepesi, kwa sura nyingine, ulionekana mwaka 1993, pale Patrick Njiru alipomaliza wa kumi na mbili katika Subaru Vivio, kigari kidogo cha magurudumu manne ambacho injini yake haikufikia hata lita moja. Baada ya hapo magari ya msukumo wa nyuma yalirudi kama kumbukumbu: mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic yalianzishwa mwaka 2003, Datsun za Z zikiwa miongoni mwa zilizokimbia, na mwaka 2011 Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68, aliyashinda kwa Porsche 911. Gari lililomnyima ushindi mwaka 1974 lilimlipa baada ya miaka 37.

Toyota 86 ya mwaka 2012 ilizaliwa kutokana na kumbukumbu nyingine, ya Kijapani. Jina lake linatokana na AE86, alama ya kiwandani ya Corolla ya milango miwili iliyotengenezwa kuanzia 1983 hadi 1987, ambayo ilikuwa miongoni mwa Corolla za mwisho zenye msukumo wa nyuma na ambayo umaarufu wake uliongezwa na katuni ya Shuichi Shigeno iliyoanza kuchapishwa mwaka 1995. Mhandisi mkuu Tetsuya Tada alishirikiana na Subaru, iliyotoa injini yenye silinda zilizolala ubavu zikielekeana, mpangilio unaoshusha uzito karibu na ardhi. Ilikuwa na lita mbili, nguvufarasi 200 bila tabo, na uzito wa takriban kilo 1,200, na ilifungwa tairi nyembamba za kawaida kwa makusudi ili mkia uteleze kwa mwendo ambao dereva wa kawaida angeweza kuumudu. Toleo la chini kabisa liliuzwa Japani kwa yeni 1,990,000. Falsafa hiyo ya kupunguza mshiko ili kuongeza furaha ingewashangaza Herrmann na Schüller, waliotumia kila hila kupata mshiko, na hapo ndipo gari la michezo la karne hii linapoachana na babu yake wa Safari.

Kenya gari hilo liliingia kwa mlango wa magari yaliyotumika, kwa kuwa kanuni huruhusu kuingizwa gari lenye usukani wa kulia lisilozidi umri wa miaka minane, na kwa hiyo toleo la mwaka 2012 liliweza kupitishwa bandari ya Mombasa hadi mwisho wa mwaka 2019. Ushuru hulielemea gari lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 1,500, na wapenzi wengi wa msukumo wa nyuma wameishia kununua Toyota Mark X, gari la milango minne lenye silinda sita linalopatikana kwa wingi na linalobeba familia siku za wiki. Uamuzi huo unafanana mno na ule wa mnunuzi wa Datsun 120Y miaka arobaini kabla yake.

Mark X hufika Garissa kwa lami kutoka Thika kupitia Mwingi, Tana inaporuhusu, kwani mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 na ya Aprili 2024 yaliikata barabara kati ya Madogo na mji huo, na abiria wakavushwa kwa mashua. Kutoka Garissa kuelekea Masalani, Hulugho na Sangailu ni habari nyingine. Toyota 86 ina nafasi ya takriban sentimita 13 kati ya tumbo lake na ardhi, ambayo ni chini ya kina cha mifereji ambayo tairi za malori huichimba katika udongo mweusi msimu mmoja tu wa gu, na hakuna ustadi wa dereva unaoweza kufidia upungufu huo. 240Z ya mwaka 1971 nayo iliinuliwa na kukingwa tumbo kabla ya kuruhusiwa kushuka kwenye matope. Mpango wa bandari na barabara wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, miezi michache baada ya 86 kuonyeshwa Tokyo, unajumuisha barabara ya Lamu, Ijara na Garissa, lakini kazi yake imecheleweshwa mara kwa mara na mashambulizi ya al-Shabaab katika ukanda wa Boni. Toleo jipya la gari hilo, GR86 yenye injini ya lita 2.4, lilianza kuuzwa Japani mwaka 2021, na kanuni ya miaka minane isipobadilishwa, yale ya mwaka huo yataweza kushushwa Mombasa hadi tarehe 31 Desemba 2028.